Kidole cha Shangazi

Tarehe 3 Februari
Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo, upepo hakuna.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua uvimbe tangu ulipohamia kwa mwanao, na kwamba wajukuu hawakupandi mgongoni kama walivyotishia. Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, sikio la kushoto limegoma kabisa. Sasa anabishana na redio kwa sauti inayowatosha majirani wawili, na kwa kuwa redio haimjibu, anazidi kukasirika. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa udereva mara ya nne. Tunashukuru, na tunakaa mbali na barabara.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita bosi aliniita ofisini kwake, ile ofisi ndogo yenye feni ya kelele, akaniambia kuanzia siku hiyo mimi ni kiongozi wa meza ya kukatia na kumalizia. Nilidhani ananitania. Nikamwambia mimi ni mtu wa cherehani, miaka yote nimekaa mashine ya tatu, nimeinama. Akasema anahitaji mtu anayeandika vitu kwa tarehe. Kumbe ameliona daftari langu.

Kwa hiyo nimekalia kiti chako, Shangazi. Picha yako ya siku ya kuagwa bado ipo ukutani juu ya meza, umeinua kidole gumba na watu wote wanacheka.

Chini yangu wapo wawili. Mpiga Matundu unamjua, yule wa matundu ya vifungo, mdomo haupumziki. Na Mkasi, mkataji, mwanafunzi wako. Hapo ndipo penye shida. Sare za wauguzi tulizopeleka mwezi uliopita zimerudi zote. Mabega yanashuka, mikono inafunika vidole, muuguzi mmoja ameandika kwenye karatasi kwamba ndani ya sare yake angeweza kumweka na mgonjwa. Nimepima kila nguo. Kosa liko kwenye kukata, wala si kwenye kushona. Bosi naye alikuwa ametoka kutununulia vifaa vipya kabla ya oda ile, tepu mpya za kupimia, kila mtu na yake, za zamani ameamuru zitupwe, kwa hiyo hasira zake ni mara mbili.

Ameniambia hivi: “Oda ya pili inakatwa mwanzoni mwa Mei. Kabla ya hapo umwambie Mkasi kosa lake alirekebishe. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi nikimwambia, atasikia akiwa na mkoba wake mlangoni. Na wewe utarudi kwenye mashine ya tatu.”

Mkasi ana umri wa mama yangu. Unanijua mimi. Kuomba chumvi mezani kwa watu najifikiria mara mbili. Karakana nzima wananiita Kimya, na si kwa kunisifu. Wewe uliwaongoza wale watu miaka mingi na hakuna aliyekuchukia. Ulikuwa unawaambiaje?

Jana nililala saa sita na nusu usiku.

Binti wa kaka yako


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo mchana, usiku linanikumbusha kila ngazi niliyopanda maishani. Wajukuu wamenifichia miwani mara tatu wiki hii, na mama yao anasema ni dalili ya akili. Kaka yangu mwambie aache kubishana na redio. Tangu utoto alikuwa hivyo hivyo, alibishana na jogoo.

Nimefurahi mno kwa cheo chako, nimemwonyesha barua kila mtu humu ndani, hata wasiojua kusoma. Sasa sikiliza, mambo ni matatu tu. La kwanza, anza na kazi, usianze na mtu. Usiseme “wewe unakosea,” sema “mkono huu umezidi.” La pili, sema ulichokiona kwa macho yako, acha ulichosikia na unachodhani. La tatu, ukishasema, nyamaza mpaka mwenzako ajibu. Hili ndilo gumu kuliko yote. Watu husema jambo zuri, halafu wanaogopa ule ukimya, wanaujaza maneno mpaka lile jambo zuri linazama. Wewe ukimya umezaliwa nao, kwa hiyo umeshamaliza theluthi ya kazi.

Lakini kwa Mkasi nenda taratibu sana. Yule nimemfundisha mimi, mkono wake ni mkono wangu. Pengine kitambaa ndicho kibaya. Vitambaa vya siku hizi vinatanuka vyenyewe. Umeshamthibitishia bosi kwamba kosa ni la kukata? Usiharakishe kumthibitishia.

Na ile tepu yangu niliyomwachia Mkasi nilipostaafu, nayo imetupwa?

Shangazi yako


Tarehe 8 Machi
Jua kali tangu saa moja, vumbi dirishani.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amezipokea salamu zako vibaya. Anasema yule jogoo ndiye aliyeanza. Mdogo wangu amepata gari la kuendesha, la kubebea mikate, na mpaka leo mikate yote imefika.

Nimejaribu mafundisho yako. Nilianza na Mpiga Matundu kwa kuwa simwogopi sana. Nilichukua shati moja nikaliweka mbele yake.

“Tundu hili la tatu limekwenda pembeni,” nikasema. Kisha nikanyamaza.

Akalitazama. Akanitazama mimi. Mimi nikalitazama tundu.

“Limekwenda pembeni kumtembelea nani?” akauliza.

Nikanyamaza. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

“Haya, haya, Kimya, nimesikia! Usinipigie kelele kiasi hicho!” Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo matundu yake yamenyooka kama mstari wa daftari. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Basi juzi nikajipa moyo niende kwa Mkasi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sentensi nne. Nikasimama mbele ya meza.

“Mama, naomba...”

“Naomba nini, mwanangu?” Hakuinua macho, mkasi unakwenda.

“Naomba... chaki.”

Akanipa chaki. Nilikuwa nayo nyingine mfukoni. Nikatoka pale nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa nyuma ya majora ya kitambaa cheupe. Nilikaa dakika ishirini nikiyahesabu majora ili nisilie. Yalikuwa thelathini na moja. Haya hakuna anayeyajua ila daftari langu na wewe, na naomba yaishie hapo.

Lakini nimegundua kitu. Kila kipande kinazidi kwa kiasi kile kile, sentimita mbili, hakipungui wala hakiongezeki. Mtu mzembe hakosei hivyo, mara angezidisha mara angepunguza. Nimemwangalia Mkasi kwa mbali. Anapima, anaweka kidole gumba mbele ya alama, ndipo anapiga chaki. Nimekumbuka ulikuwa unafanya hivyo hivyo, na siku ya kuagwa watu walikishangilia kile kidole. Wanakiita kidole cha Shangazi. Kina kazi gani hasa? Ukinieleza, nitajua pa kuanzia.

Tepu yako haikutupwa. Mkasi anaitunza nyumbani kwenye kopo la biskuti, anasema ni kumbukumbu.

Jana nililala saa saba kasoro robo usiku.

Binti wa kaka yako


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa, huku kumekuwa na wageni, halafu goti, halafu kalamu iliisha wino. Mjukuu mdogo ameng'oka jino la mbele na analitembeza ndani ya kiberiti kumwonyesha kila mtu. Mwanangu amenunua kitanda kipya, kirefu mno, chumba kimekuwa kitanda.

Kuhusu kidole, kazi yake ni kuipa nguo nafasi ya kupumua. Ni jambo la kifundi, mtu wa cherehani hawezi kulielewa upesi, wala sikulaumu. Usikiguse kidole. Mwache Mkasi akate anavyojua. Miaka yote nguo zetu zilitoka na hakuna aliyerudisha hata mfuko.

Bosi wako ni kijana, anatishia tu. Baba yake ndiye aliyekuwa mtu wa kutisha.

Vaa kitu chepesi, joto lisikuumize kichwa.

Shangazi yako


Tarehe 11 Aprili
Mvua ya asubuhi, ikakatika saa mbili.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za jino. Baba anakusalimu, amenunua redio ya pili ili zibishane zenyewe.

Asante kwa maelezo ya kidole. Nimeyasoma mara nyingi.

Kazini ni kawaida. Mkasi amekuwa kimya kwangu, lakini huenda ni joto. Mimi bado sijamwambia. Nimepata njia ya kujizoeza, usinicheke. Unalikumbuka lile sanamu la kuvalisha nguo lililo karibu na dirisha, lisilo na kichwa? Kila siku nafika kabla ya watu wote, nalifunga kitambaa cha manjano shingoni ili niwe na mahali pa kutazama, nimeliita Mama Mkubwa. Naliamkia shikamoo, kisha nalieleza kosa lake. Linanisikiliza vizuri kuliko watu. Watu wakikaribia nakificha kile kitambaa. Hili sijaliandika hata kwenye daftari, nimekuambia wewe peke yako.

Tumebakiwa na wiki tatu.

Binti wa kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Safari hii nimejibu upesi, umeona? Nimecheka mpaka goti likaniuma kwa huyo Mama Mkubwa wako. Jamani, wewe! Tangu mdogo ulikuwa unaongea na viatu.

Lakini nimefikiri sana, na ninasema kwa mapenzi. Uongozi si wa kila mtu. Kama moyo unakusumbua hivi, mwambie bosi kwamba umeshindwa, urudi kwenye mashine yako, ulale usingizi wako. Si aibu. Na ile kazi ya kupimapima nguo na kuuliza habari za vidole iache. Utamkosanisha mtu na mtu bure.

Msalimie kaka yangu na redio zake zote mbili.

Shangazi yako


Tarehe 4 Mei
Asubuhi safi, baridi kidogo, anga halina hata wingu.

Shangazi,

Shikamoo. Baba mzima, mdogo wangu mzima, mikate inafika.

Barua yangu ya mwezi uliopita sikuandika mwishoni saa niliyolala. Tangu najua kuandika nakuandikia saa niliyolala, kwa sababu wewe ndiye uliyenizoesha nilipokuwa mdogo na sipati usingizi. Safari ile niliacha, na hukuuliza. Nitakueleza kwa nini niliacha.

Tarehe 5 Aprili niliingia kazini, nikampita Mkasi mezani. Akasema bila kuinua macho, “Kimya, leo majora mangapi? Au bado thelathini na moja?”

Mpiga Matundu akacheka bila kujua anachekea nini. Mimi niliendelea kutembea mpaka nikafika ukutani, kwa kuwa sikuwa najua naenda wapi.

Siku ile ile nililikagua daftari langu. Nalifungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni. Halikuguswa. Usiku ule nilijiambia labda kuna aliyenichungulia stoo. Lakini aliyenichungulia angeniona mimi, asingeyajua mahesabu yaliyokuwa kichwani mwangu. Walioijua ile thelathini na moja walikuwa watu wawili, na mmoja ni mimi.

Sikutaka kukudhania. Wewe ndiye uliyeniambia mtu aseme alichokiona. Kwa hiyo nilitafuta cha kuona. Shangazi, sijawahi kuongea na lile sanamu. Sina kitambaa cha manjano. Hakuna Mama Mkubwa. Nilimtunga kwa ajili yako, nikamtia kwenye bahasha, nikasubiri.

Tarehe 25 Aprili nilifika kazini nikakuta sanamu limefungwa kitambaa cha manjano shingoni. Mkasi alisimama kando, mkono kifuani.

“Shikamoo, Mama Mkubwa!” akaliambia. “Leo utaambiwa kosa lako?”

Kitambaa kilikuwa kipya, Shangazi. Bei yake bado imebandikwa. Alikwenda dukani kukinunua ili anicheke vizuri.

Nakuambia jambo la ajabu. Woga wote uliniisha. Sijui ulikwenda wapi. Miezi mitatu nilikuwa natetemeka mbele ya yule mama, na dakika ile nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

“Mama,” nikasema, “mkono wa sare unazidi sentimita mbili. Nimepima mikono themanini. Yote inazidi mbili.”

Kisha nikanyamaza.

Akapanga vipande vyake. Akanoa chaki. Nikanyamaza. Akasema, “Umetumwa kunitoa.”

Nikanyamaza.

“Usinifanyie hivyo vya kunyamaza! Najua kila kitu. Shangazi yako ameniandikia tangu mwezi wa pili!” Akafungua mkoba, akatoa barua zako, nne, akazitupa mezani. “Damu yako mwenyewe inakukataa. Soma!”

Nilisoma moja, nyingine sikuhitaji. Mwandiko wako naujua, ndio ulionifundisha kuandika. Uliandika: “Binti wa kaka yangu amepewa cheo, sasa anatafuta kosa la kukutoa. Usimpe nafasi. Na kidole changu usikiache hata siku moja, hata wakikuletea tepu za dhahabu.”

Nilisoma mara mbili yale maneno ya tepu. Nikamuuliza, “Mama, ulipokuwa unatumia tepu ya Shangazi, nguo zilikuwa zinarudi?”

“Hata moja.”

“Na kidole ulikuwa unaweka?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Naomba uilete ile tepu.”

Aliileta kesho yake ndani ya kopo la biskuti, imekunjwa kwenye leso. Tukailaza juu ya meza kando ya tepu mpya, ncha kwa ncha. Ncha ya yako umeishonea kifuko cha ngozi, kizuri, kinafunika namba za mwanzo. Mkasi akasema uliwaambia ni cha kuzuia ncha isichakae. Nikaweka kidole kwenye hamsini ya tepu yako. Chini yake, kwenye tepu mpya, palikuwa arobaini na nane.

Mkasi alichukua kisu cha kufumulia, akaifumua ile ngozi uzi mmoja mmoja, polepole, kama anafumua nguo ya mtu. Ndani yake plastiki imeungua, imejikunja, imekatwa kwa mkasi pale penye mbili. Alama ya pasi ipo mpaka leo.

“Nguo ipumue,” akasema. Akairudia tena. “Nguo ipumue. Miaka kumi na tisa nawaambia watu nguo ipumue.”

Akaketi. Nikamletea maji, hakuyanywa.

Kwa hiyo sasa tunajua. Uliunguza tepu ya karakana, ukaikata, ukaogopa kusema, ukaongeza kidole kufidia zile sentimita mbili, na kidole kikawa sifa yako. Hilo naweza kulielewa, kuogopa kusema ndio ugonjwa wangu mimi mwenyewe. Lakini barua yangu ya Februari ilikuambia kuna tepu mpya. Siku ile ile ulijua kwa nini mikono inafunika vidole. Sentensi moja ingetosha: mwambieni Mkasi aache kidole. Badala yake ulimwandikia asikiache. Ulikuwa tayari yeye afukuzwe na mimi nishushwe ili kifuko kisifumuliwe. Na ili asinisikilize, ulimpa aibu zangu azishike mkononi.

Kesho tunakata oda ya pili.

Jana nililala saa nane usiku.

Binti wa kaka yako


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imenyesha siku nne mfululizo, nguo hazikauki, watoto wanacheza ndani na nyumba imekuwa soko. Goti, usiniulize. Yule wa jino ameota jipya, limekaa upande. Mwanangu anasema mwakani atanileta huko niwatembelee, kama nitaweza kukaa garini.

Barua yako nimeipata. Ni ndefu. Umekuwa mwandishi.

Wewe hukumjua baba yake bosi. Yule alimfukuza mtu kwa kuvunja sindano mbili kwa wiki. Nilikuwa nina mtoto mgongoni. Asubuhi ile pasi ilikuwa ya moto kuliko kawaida, na mtu aliniita nikageuka. Basi. Hayo ni mambo ya zamani na sioni faida ya kuyafumua. Mtu akishazeeka anabaki na kitu kimoja tu ambacho watu wanamkumbukia.

Nimekulea, usisahau. Ulipokuwa hulali ni mimi niliyekaa nawe.

Ile picha ukutani bado ipo?

Msalimie Mkasi. Siku hizi sioni barua zake.

Shangazi yako


Tarehe 14 Juni
Ukungu mpaka saa mbili, kisha jua la upole.

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakuulizia. Sijamwambia kitu, na kwa sikio lile ningelazimika kumwambia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Ukitaka ajue, umwandikie mwenyewe.

Sare zimepelekwa, zimekaa vizuri, hakuna iliyorudi. Mkasi bado ni mkataji. Bosi aliniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamwambia lilikuwa tepu, tulizoea tepu iliyopungua. Hakuuliza ilikuwa ya nani, na sikumwongezea.

Mkasi amejifunga uzi mwekundu kwenye kidole gumba ili akumbuke. Bado mkono unajinyoosha wenyewe mbele ya alama, anauona ule uzi, anaurudisha. Mara nyingine anatukana kidogo. Hatujawa marafiki. Anapokosea namwambia, ninapokosea ananiambia, na huwa anaanza na kazi. Barua zako amezirudisha ndani ya kopo pamoja na tepu, akanikabidhi kopo, akasema, “Hii ni mali ya ukoo wenu.” Lipo kabatini kwangu.

Picha ipo. Mpiga Matundu alitaka kuiondoa, nikamkataza. Nilitaka uendelee kutuonyesha kile kidole.

Umeniandikia mvua, goti, jino, kitanda, pasi, na bosi aliyekwisha kufa. Nimeisoma barua yako mara tano nikitafuta neno moja, halimo. Kwa hiyo nakuambia kama ulivyonifundisha, maana uliyonifundisha ni mazuri na sitayaacha kwa sababu yako.

Nitaanza na kazi. Umeniandikia barua nne tangu Februari. Barua hizo zimepungua. Zimekatwa mwanzoni, pale penye ukweli, halafu zikashonewa ngozi nzuri.

Nitasema nilichokiona. Nilikupa jambo nililoona aibu hata kuliandika, nikalikuta mdomoni mwa mtu niliyekuwa namwogopa. Kulifikisha pale hukulazimishwa na pasi wala na bosi. Hukuwa na mtoto mgongoni. Ulikaa chini, ukachukua kalamu, ukanunua stempu. Ndiyo, ulikaa nami nilipokuwa silali. Ndiyo maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

La tatu ulisema ndilo gumu kuliko yote, na kwamba mimi nimezaliwa nalo. Nilichokuwa nacho zamani kilikuwa woga tu. Huu wa sasa nimejifunza.

Nanyamaza mpaka ujibu.

Jana nililala saa tatu na dakika kumi usiku.